Isidingo Ilishuka, na Naweza Kuonyesha Wapi

Isidingo ilishuka. Haikushuka kwa siku moja, na hata miaka yake ya mwisho ilikuwa na jioni nzuri, lakini ilishuka, nami nasema hivyo kwa kuwa niliifuata tangu nikiwa binti wa shule ya msingi hadi nikawa mama wa watoto. Dada yangu mkubwa anakataa kabisa. Kwake yeye mchezo ulibaki ule ule, tuliobadilika ni sisi. Shemeji, mume wa dada yangu wa pili, anadai haikuwahi kuwa na ukweli wowote tangu siku ya kwanza, kwa hiyo tunabishania kushuka kwa kitu ambacho hakikuwahi kupanda. Mama naye ana lake. Tumebishana hadi chai imepoa vikombeni, na kwa kuwa sebuleni kwetu hakuna anayemaliza sentensi, nimeona niandike yangu yote hapa.

Kwa wasioijua: Isidingo ni tamthilia ya Afrika Kusini iliyoanza Julai 1998 kwenye SABC 3, ikaisha Machi 2020. Aliyeiasisi ni Gray Hofmeyr. Ilikuwa ya siku za kazi, jioni baada ya jioni, kwa zaidi ya miaka 21. Mambo yote yanatokea Horizon Deep, mji wa kubuni ulio kando ya mgodi wa dhahabu. Sisi huku Mwanza tuliipata kupitia ITV, na mtaani kwetu ukisema "saa ya mchezo imefika" hakuna aliyeuliza mchezo gani.

Tulikuwa tunapanga Mabatini, upande wa juu, kule ambako nyumba na mawe vinagombea nafasi. TV ilikuwa ya mama mwenye nyumba, ya chogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono ambacho hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukigusa. Watoto tulinawa miguu mlangoni ndipo tukakaa mkekani, watu wazima kwenye makochi, na wapangaji waliochelewa wakasimama dirishani kwa nje. Antena ilikuwa imefungwa kwenye mti mrefu juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Chenga zikizidi, kijana mmoja alitumwa apande jiwe aigeuze, na sisi tukapeana sauti kutoka sebuleni hadi uani: "Bado! Bado! Hapo! Umepitiliza, rudi kidogo!" Picha ikitulia aliamriwa ashuke polepole asije akautikisa mti. Alipoingia ndani jina la mchezo lilishapita, na ilibidi asimuliwe.

Msimuliaji wetu alikuwa dada mkubwa. Yeye ndiye aliyekuwa sekondari. Waigizaji walichanganya Kiingereza, Kizulu, Kisotho na Kiafrikana, na maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, yanapita haraka kabla hujamaliza mstari. Dada alikaa karibu na TV kuliko wote, akatuambia: "Anamwambia haondoki bila pesa yake. Huyu anajifanya hajasikia. Mama naye anajua, angalieni macho yake." Watu wazima waliomkemea mchana kwa kuchelewa kuteka maji, usiku walimsikiliza kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Nalisema hili mapema kwa sababu dada analitumia kama silaha: anadai mimi nilipenda usimulizi wake, na alipokwenda chuo ladha ikaondoka. Nakubali alikuwa msimuliaji hodari. Ila niliendelea kuangalia bila yeye, Kiingereza changu kikawa kinatosha, na kwa miaka kadhaa mchezo uliendelea kunishika vile vile. Kwa hiyo hiyo silaha yake haina risasi.

Sasa niseme kwa nini Isidingo ilitukamata watu wa Mwanza kwa namna ile, maana hoja yangu inaanzia hapo. Miaka ile na sisi tulikuwa tunaingizwa kwenye dhahabu kubwa. Mgodi wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, AngloGold ya Afrika Kusini ikiwa mbia. Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Mwanza ikawa mji wa kupitia. Barabara ya Kenyatta ukaanza kuziona Land Cruiser nyeupe zenye fimbo ndefu nyuma na kibendera juu yake, vumbi jekundu limeganda hadi kwenye vioo, na watu wenye lafudhi ile ile ya kwenye TV wakishuka kununua maji na matunda. Vijana wakawa hawaongelei tena kwenda Dar, wanaongelea kuingia mgodini. Kaka mmoja wa nyumba ya jirani alipata kazi ya udereva huko. Aliondoka na begi moja, akarudi mapumziko ya kwanza na buti zenye chuma mbele, na mama yake akaziweka barazani, siyo ndani, ili kila apitaye kwenda kisimani azione.

Ndiyo maana Horizon Deep haikuwa nchi ya mbali kwetu. Mtu akipandishwa cheo kwenye mchezo, wanaume wa dirishani walijadili mshahara wake. Akifukuzwa, waliuliza kodi ya chumba atalipa na nini. Na uzuri wa Isidingo ya wakati ule ni kwamba hata wenyewe walioiandika waliuliza swali hilo hilo. Kulikuwa na familia ya Matabane na nyumba yao ya kupangisha, mama Agnes akiwa ndiye nguzo, na Keketso Semoko alimwigiza kwa namna ambayo mama yangu alikuwa anamwitikia kabisa kwa sauti. Kulikuwa na Georgie Zamdela, Papa G, aliyeigizwa na Darlington Michaels, mwenye mipango isiyoisha na mdomo usiokosa jibu. Juu yao kulikuwa na Barker Haines, tajiri. Robert Whitehead hakumfanya Barker apige kelele. Alimfanya aongee polepole, kwa adabu, huku anamtazama mtu kama anayepima kitambaa dukani. Barker akisaini karatasi ofisini, ulijua kuna nyumba fulani ya chini kule ambako karatasi hiyo itafika, itagusa sufuria, itagusa ada, itagusa ndoa. Nataka hilo likae vizuri kichwani kwa msomaji: kila jambo lilikuwa na gharama, na gharama ililipwa na mtu unayemfahamu kwa jina.

Mfano mkubwa kwangu ni Nandipha.

Mjomba wangu, mdogo wake mama wa kumfuata, alifariki miaka ya 90. Nyumbani ilisemwa ni kifua. Sisi watoto tuliambiwa kifua, majirani waliambiwa kifua, na picha yake ikaondolewa ukutani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, upande wa pili tu wa ziwa hili tunaloliona kila siku, na bado miaka karibu ishirini baadaye ugonjwa huo ulikuwa hautajwi mbele ya wageni. Ndipo wakamleta Nandipha, Hlubi Mboya akimwigiza. Binti mzuri, ana VVU. Sisi tuliozoea filamu za kufundisha tulijua kitakachofuata: atakonda, atalia, atajuta, atakufa, halafu daktari atatoa ushauri. Hawakumuua. Wakamwacha aishi. Akawa na kazi, akawa na hasira zake, akapendwa, akaolewa na Parsons Matabane. Walichukua muda wao. Siku nyingine ugonjwa haukutajwa kabisa, ila ulikuwepo, unauona kwenye namna anavyosita kabla ya kusema jambo.

Jioni moja mama alikuwa ametoka Mwaloni, Kirumba, alikokuwa anauza dagaa. Alikuja moja kwa moja bila kupita nyumbani, kanga ya kazini bado kiunoni, magamba yamekauka kwenye mikono. Nandipha alikuwa anazungumza na mtu, dada anatafsiri, na katikati ya tafsiri mama akasema, "Mdogo wangu angengoja miaka michache tu, naye angekuwa hai kama huyu."

Mama mwenye nyumba akageuka. "Kwani si ilikuwa kifua?"

"Haikuwa kifua, dada. Tulisema tu."

Dada aliacha kutafsiri. Hakuna aliyemwambia aendelee. Wanawake wawili wengine pale kochini nao wakaanza kutaja watu wao, mmoja kaka, mwingine mume, kwa majina, na mchezo ukaisha ukiwa unaongea peke yake. Dawa za kufubaza makali ya virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na mtaani kwetu najua watu waliokwenda kupima na kuanza dawa wakiwa tayari wameshazoea wazo kwamba mtu anaweza kuwa na kitu hiki na bado akagombana na wifi yake na kupanga harusi. Sidai kwamba tamthilia iliwapeleka hospitali. Nadai kwamba mama yangu alimrudisha mdogo wake ukutani, picha ile ile, wiki hiyo hiyo. Kipimo changu cha Isidingo ni hicho, na mtu akiniambia haikushuka, nampeleka hapo kwanza.

Basi ilishuka lini? Wengi hutaja Februari 2008, alipofariki Ashley Callie, aliyekuwa Lee Haines, binti wa Barker. Alipata ajali ya gari Johannesburg, akafariki siku chache baadaye, ana miaka 31. Nakumbuka habari ilivyotufikia na tulivyoichukua kama msiba wa mtu wa mtaani. Naliheshimu jibu hilo, ila nalirekebisha. Kifo kile kilikuwa pigo, na mwandishi hawezi kulaumiwa kwa pigo. Ninacholaumu ni kilichowekwa kwenye pengo. Lee ndiye aliyekuwa deni la Barker. Alichokifanya baba kwa wengine kilimrudia kupitia binti yake: alimpenda, na yeye ndiye pekee aliyeweza kumtazama usoni akamwambia wewe ni mtu mbaya na ikamuuma. Ukimwondoa Lee, Barker anabaki mbaya asiye na wa kumliza. Walihitaji kumtafutia deni jingine. Badala yake wakamwongezea njama.

Njama juu ya njama, hapo ndipo naweka kidole. Tamthilia ya kila siku inakula hadithi kama moto wa kuni mbichi unavyokula muda wa mpishi. Jioni tano kwa wiki lazima kitokee kitu. Mbaya akikamatwa hadithi inaisha, kwa hiyo hakamatwi, au anakamatwa anatoka. Mtu anatekwa Jumatano, Ijumaa kaokolewa, Jumatatu yupo kazini anakunywa kahawa na wenzake wanamuuliza mambo ya ofisini. Kampuni inabadilisha mmiliki kabla hujakariri jina la mmiliki wa jana. Mgodi wenyewe haukuondoka, nakiri, hata familia ya Sibeko ilipoingia na Vusi Kunene akiwa Jefferson dhahabu bado ilitajwa kila siku. Na Kunene ni mwigizaji mkubwa, akikaa kimya tu unaogopa. Lakini dhahabu ile ilikuwa ya hisa, ya wosia, ya kikao cha bodi. Niliangalia jioni nyingi nikingoja waniambie waliokuwa chini ya ardhi wamepata nini siku hiyo mabosi walipogombana, na mara nyingi sikuambiwa. Wanaume wa dirishani wangeuliza. Lakini kufikia hapo hakukuwa na wanaume dirishani.

Na hapa ndipo dada anaponiingilia, kwa hiyo nimpe nafasi yake kwa haki.

Yeye anasema hivi. Mapema mwaka 2013 mitambo ya analojia ilizimwa Mwanza, kila nyumba ikatafuta king'amuzi. Kabla ya hapo tulikuwa na stesheni chache za kuhesabu kwa vidole, jioni mtaa mzima uko kwenye mchezo mmoja, na kesho yake kisimani, dukani, kwenye daladala ya Igoma, mazungumzo ni hayo hayo. Baada ya king'amuzi zikaja za Wafilipino, za Wakorea, za Waturuki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Kila nyumba ikawa na TV yake, halafu kila mtu simu yake. Dada anasema tulichokipenda kilikuwa ule mkeka, ile sebule, ule ubishi wa asubuhi. Vilipoondoka tukaitazama Isidingo kila mtu peke yake, kimya kimya, tukaiona imekauka. Anasema hata Nandipha leo, ukimwangalia kwenye simu umelala, hatakufanya uirudishe picha ya mtu ukutani.

Ni hoja nzito na nimeifikiria kwa muda mrefu. Nakubaliana na nusu yake. Ni kweli kwamba sebule ile ilifanya kazi ambayo hakuna mwandishi angeweza kuifanya. Mama asingesema alichosema akiwa peke yake. Lakini ving'amuzi vinaeleza kwa nini tulipungua sisi watazamaji. Havielezi kwa nini mtu afufuke. Havielezi kwa nini mtu anafiwa na baada ya wiki mbili hata jina la marehemu halitajwi. Na kuna kitu kimoja dada anakisahau: kushuka kulianza kabla ya 2013. Wapangaji walianza kuondoka dirishani wakati antena bado iko juu ya jiwe. Hawakuwa na stesheni nyingine ya kwenda. Walikuwa wanakwenda kulala.

Halafu kuna suala la Cherel, mwanamke mbaya wa mchezo, na suala hilo ndilo lililowasha ubishi huu wote. Michelle Botes, aliyemwigiza Cherel, alifariki Desemba 2024, siku chache kabla ya Krismasi. Dada alikuwa amekuja likizo kutoka Dodoma, sasa tunaishi Nyamanoro kwetu wenyewe, na habari ilipoingia kwenye simu tuliacha kuchambua mchele. Ukoo wetu wote ulimwogopa mwanamke yule. Alikuwa na namna ya kutabasamu kwa mdomo huku macho yanahesabu. Shangazi yangu alikuwa hawezi kukaa chumba kimoja na picha yake, anatoka nje hadi aambiwe Cherel amepita. Siku hiyo tulimlilia, kisha dada akasema, "Na alivyorudi ile mara ya pili ndiyo alikuwa moto zaidi," na mimi nikasema, "Hapana."

Botes aliondoka, akarudi miaka kadhaa baadaye. Alipotokea tena nilipiga kelele za furaha kama kila mtu. Uigizaji wake ulikuwa ule ule, pengine ulikomaa hata zaidi. Lakini Cherel wa kwanza alikuwa mwanamke ndani ya mji. Alikuwa na mume wa kumpoteza, jina la kulilinda, watu wa kuwaonea wivu, na ubaya wake ulimchosha, ulionekana usoni. Cherel wa pili aliletwa kwa sababu watazamaji walikuwa wanapungua na waliohusika walijua sisi tutarudi tukimwona. Hilo ni dhana yangu, sina karatasi ya kikao chao, lakini ukiangalia walivyomtumia huwezi kufikiri vingine. Alitokea, akatisha, akatishia, akatoweka, akatokea. Hakuna alichokuwa anakihitaji. Mtu asiyehitaji kitu ni vigumu kumwogopa kwa muda mrefu, hata akiigizwa na mwanamke hodari kama yule. Inaniuma kwamba walimpa mwigizaji wa kiwango hicho kazi ya kushtua watu tu.

Shemeji alikuwa anatusikiliza huku anakula karanga. Yeye ni fundi mitambo mgodini, upande wa Geita, anashuka chini. Wakati wa kivuko cha Kigongo alikuwa anafika nyumbani usiku amechoka kwa kungoja foleni. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, kilomita tatu zile anazivuka kabla wimbo wa redio haujaisha, na kwa hiyo ubishi huu sasa anaupata mapema kuliko zamani. Kwake Isidingo yote ni ya wafanyakazi wa ofisini wanaoigiza mgodi. "Shemeji," ananiambia, "kofia zile hazijawahi kugonga mwamba hata mara moja. Na mtu aliyetoka chini haongei sana namna ile. Anataka maji, anataka kukaa." Alinyoosha mikono yake nione. Kuna weusi unaokaa kwenye mikunjo ya vidole vyake ambao mkewe, dada yangu wa pili, ameshindwa kuutoa kwa sabuni wala kwa jiwe la kusugulia, na shemeji anasema hajawahi kuuona kwenye mkono wa mwigizaji yeyote.

Sikubishana naye kuhusu mikono. Atakuwa sahihi, na ningetamani watengeneza michezo wangemsikiliza mtu kama yeye. Lakini nilimuuliza: siku mwenzenu mmoja aliposimamishwa kazi mwaka ule, mkewe alikwenda wapi kwanza? Akasema alikuja hapa kwa mama, kukopa. Nikamwambia basi hilo ndilo Isidingo ya zamani ilikuwa inalijua. Ilikosea kofia, ikapatia njia ya yule mwanamke kutoka kwake hadi kwa jirani. Ya baadaye ilikosea vyote viwili. Alitafuna karanga, akasema atafikiri. Kwa shemeji, huyo ni mtu aliyekaribia kukubali.

Mama ndiye aliyetoa jibu ambalo bado sipati la kulijibu. Hakutaja mwaka, hakutaja Lee wala Cherel. Alikuwa jikoni, mlango wazi, akasema bila kugeuka:

"Mimi niliacha siku nilipoona sina tena wasiwasi na mtu yeyote mle ndani. Zamani mmoja akiugua, asubuhi naanika dagaa namuwaza. Baadaye nikajua tu atapona, au atakufa na kurudi. Nikawa naosha vyombo wakati wa mchezo, nasikiliza kwa mbali."

Dada alijaribu kumwambia kwamba hata yeye mama alikuwa amezeeka, amechoka, macho yamepungua. Mama akamjibu kwamba macho hayahusiki, anaosha vyombo na taarifa ya habari pia, ila mafuriko yakitajwa Ilemela anafunga bomba aje asikilize.

Mwisho wa tamthilia wenyewe ulinihuzunisha, na wanaodhani watu wa upande wangu tulifurahi wanatukosea. Januari 2020 SABC ilitangaza kuisimamisha, ikitaja kupungua kwa watazamaji, na tarehe 12 Machi ikaonyeshwa ya mwisho. Miezi miwili hivi, baada ya zaidi ya miaka 21. Kuna mafundi wa taa, washona nguo na wapishi wa pale studio ambao nadhani walikuwa wamekua humo, na nilijikuta nawawaza wao kuliko Barker. Nilitamani wapewe hata mwaka mmoja wa kufunga mambo taratibu: wauliwe wa kuuliwa, waolewe wa kuolewa, na mmoja wa wakubwa wale apelekwe mahakamani akae gerezani kweli, tumwone akizeeka. Nilitamani pia mtu amtaje Lee.

Dada ameshasoma sehemu ya haya kabla sijamaliza, na amenitumia sauti ndefu kutoka Dodoma. Anasema nimechagua mifano inayonifaa, kwamba nimemlinganisha Nandipha, ambaye ni kilele, na jioni za kawaida za mwishoni, na kwamba hata miaka ile ninayoisifu ilikuwa na jioni nyingi za watu kufungua milango na kushtuka. Hilo la mwisho ni kweli, milango ilifunguliwa sana. Lakini dada, nakuuliza jambo moja tu na usilikwepe. Nitajie mtu mmoja wa miaka ile ya mwisho aliyekufa akaendelea kuliliwa mwezi mzima baadaye. Mmoja. Ukimpata, nitamtafuta nimwangalie mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, na ukija Krismasi sato wote watakaokaangwa nyumba hii nitanunua mimi.